Mti na Majani Yake: Sentensi ya Kiswahili kutoka Unguja Mjini hadi Katika Sarufi za Kihisabati

Kila aliyesoma Kiswahili katika shule ya sekondari, iwe Unguja, Pemba au Tanzania Bara, amewahi kuchora mti. Mti huo huota kichwa chini: sentensi, yaani S, hukaa juu kabisa, ikafuatwa na matawi mawili, kirai nomino na kirai kitenzi, na kila tawi hugawanyika tena hadi kufikia maneno yenyewe, ambayo ndiyo majani. Walimu huita njia hii uchanganuzi wa matawi, na mwanafunzi huizoea upesi kwa kuwa inapendeza macho na ni rahisi kusahihishwa. Ni nadra, hata hivyo, mwanafunzi huyo kuelezwa kwamba kila mchoro wa namna hii ni dai. Hudai kwamba neno linaanzia hapa na kuishia pale, kwamba kipashio fulani kinatawaliwa na kingine, na kwamba kuna msemaji mahali fulani ambaye sentensi hiyo ni yake.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya dai hilo. Hoja yake ni kwamba majani ya mti wa sentensi ya Kiswahili yalikatwa Unguja mjini takriban miaka tisini kabla ya mti wenyewe kupewa umbo la kihisabati huko Marekani, na kwamba sehemu kubwa ya taabu ambazo sarufi za miti zimepata katika lugha hii inatokana na mkato huo wa kwanza.

Majani yalivyokatwa

Edward Steere aliwasili Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Hakuwa Mzungu wa kwanza kuandika sarufi ya Kiswahili. Ludwig Krapf alikwisha kuchapisha muhtasari wake huko Tübingen mwaka 1850, ukiwa umejengwa juu ya Kimvita cha Mombasa. Lakini kitabu cha Steere cha mwaka 1870 kilitangaza katika anwani yake kwamba kinaeleza lugha ya Kiswahili jinsi inavyosemwa Zanzibar, na mwaka huohuo akachapisha mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa mji. Vitabu hivi viwili vinapaswa kusomwa pamoja, kwa kuwa sarufi inatoa kanuni na hadithi zinaonyesha jinsi mwandishi alivyoyatenga maneno alipoyasikia yakitiririka katika vinywa vya wasimulizi.

Katika hadithi hizo kitenzi huandikwa na viambishi vyake vyote kwa mfululizo mmoja. Msomaji wa leo haoni ajabu yoyote, kwani ndivyo anavyoandika mwenyewe: *akamwambia*, si *a ka mw ambia*. Uamuzi huo haukuwa wa lazima. Kitswana, ambacho ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili na chenye viambishi vya aina ileile, huandikwa kwa kutenganisha: *ke a go rata* ni maneno manne katika maandishi, wakati *ninakupenda* ni neno moja. Hakuna anayeweza kudai kwamba Mtswana anapopenda hutumia maneno manne na Mzanzibari hutumia moja. Tofauti imo katika kalamu. Hata hivyo, ukimpa mwanafunzi wa sintaksia sentensi hizo mbili azichoree miti, atachora mti wenye majani manne kwa ya kwanza na jani moja kwa ya pili, na hatajua kwamba anachora maamuzi ya wamisionari wa karne ya kumi na tisa.

Yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji kurefushwa. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulizungumzia haja ya lugha moja ya shule, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa njia hiyo maandishi yaliyopimwa katika Mji Mkongwe yakawa kipimo cha Kiswahili chote. Sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944, ambayo vizazi vya walimu viliitegemea, iliendelea na mkato uleule. Ashton hakuchora mti wowote. Alishughulikia kiambishi na wazo linalobebwa nacho, na katika hilo alikuwa karibu zaidi na tabia ya lugha kuliko wengi waliokuja baadaye wakiwa na zana kali zaidi.

Mti unawasili

Wazo la kugawa sentensi katika visehemu vinavyozaa visehemu vingine lilikuwamo katika kazi ya Leonard Bloomfield ya mwaka 1933. Katika makala ya mwaka 1956 na kitabu cha mwaka 1957, Noam Chomsky alilipa wazo hilo umbo la kanuni. Kanuni isemayo S → KN KT ina maana kwamba alama ya kushoto inaweza kuandikwa upya kuwa alama za kulia, bila kujali majirani zake. Kwa sababu hiyo sarufi ya namna hii huitwa sarufi isiyotegemea muktadha. Mti ni kumbukumbu tu ya kanuni zilizotumika. Huko Ufaransa Lucien Tesnière, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1959 baada ya kifo chake, alikuwa na mti wa aina nyingine: hauna virai, una kitenzi kilichotawala na vitegemezi vyake. Kwa lugha ambayo kitenzi chake kinabeba kiima, wakati, urejeshi na yambwa kwa pamoja, huenda mti wa Tesnière ungekuwa mgeni mwenye adabu zaidi. Lakini uliofika katika vyuo vya Afrika Mashariki ulikuwa wa Chomsky.

W. H. Whiteley, katika utafiti wake wa mwaka 1968 kuhusu uelekezi, aliuliza ni vigezo gani vinavyoifanya nomino kuwa yambwa, na majibu yake yanaonyesha mtu asiyekuwa tayari kuikubali kategoria kwa sababu tu ina jina. Mwaka 1981 Anthony Vitale alichapisha kitabu kizima cha sintaksia ya Kiswahili katika mkabala wa sarufi geuzi. Kwa upande wa maandishi ya Kiswahili, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1999 kitabu cha Massamba, Kihore na Hokororo, *Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu*, na hapo istilahi za virai na vishazi zikapata makao ya kudumu.

Sentensi kama *Wavuvi wameuza samaki Darajani* haileti ugomvi. Ina kirai nomino, ina kirai kitenzi, na ndani ya kirai kitenzi mna kitenzi, yambwa na kielezi cha mahali. Mti unasimama wima. Ugomvi unaanza mvuvi mmoja anapoulizwa kama amekiona kisu cha mwenzake, naye akajibu: *Nimekiona.*

Hiyo ni sentensi kamili. Ina mtenda, ina wakati, ina kitendwa. Mti wa shuleni unaonyesha S, chini yake KT, chini yake T, na jani moja. Kirai nomino hakipo, au kinawekwa kama tawi tupu lenye alama ya sifuri. Mchanganuzi anayeweka sifuri hapo anasema kwamba *ni-* ni upatanisho tu wa kiima kilichojificha. Anayeacha kuiweka anasema kwamba *ni-* ndiyo kiima chenyewe. Mambo hayo mawili hayalingani, na mti wenye jani moja hauwezi kuyapambanua, kwa sababu mgogoro wote umo ndani ya jani.

Tatizo la pili ni la hesabu. Kanuni S → KN KT haisemi lolote kuhusu upatanisho, hivyo inazalisha *kitabu kimeanguka* na pia *kitabu wameanguka*. Ili kuuzuia upotofu huo kwa kanuni za kawaida peke yake, kila ngeli inahitaji kanuni yake. Tukichukua kwa makadirio ya chini viambishi 15 vya kiima na 15 vya yambwa, sentensi elekezi sahili peke yake inahitaji kanuni 225, kabla ya wakati, ukanushi na urejeshi kuguswa. Si kwamba kazi hiyo haiwezekani kihisabati. Ni kwamba sarufi inayohitaji kurudia jambo moja mara 225 haijaligundua jambo hilo. Kwa ajili ya matatizo ya namna hii, nadharia za miaka ya 1980 ziliambatisha sifa katika kila kifundo cha mti, ngeli ikawa thamani inayopita kutoka tawi hadi tawi, na kanuni ikarudi kuwa moja.

Tatizo la tatu lina utamu zaidi. Kiswahili kina njia mbili za kusema jambo moja: *kitabu ambacho Juma alikisoma* na *kitabu alichokisoma Juma*. Katika ya kwanza kiima kinatangulia kitenzi kama kawaida. Katika ya pili kiima kimerudi nyuma, na wasemaji wengi hawakubali *kitabu Juma alichokisoma*. Mwalimu wa sarufi mapokeo husema kwamba ndivyo lugha ilivyo, naye hakosei. Mwanaisimu anataka zaidi: kwa nini kuhamisha kirejeshi kutoka *amba-* hadi ndani ya kitenzi kuamue mahali pa Juma?

Hapa ndipo aina nyingine ya sarufi inapostahili kuingizwa katika mjadala. Mwaka 1975 Aravind Joshi, Leon Levy na Masako Takahashi walipendekeza sarufi ambayo matofali yake si kanuni za kuandika upya mfuatano wa alama. Matofali yake ni miti midogo iliyokamilika. Kila mti mdogo hubeba neno moja kuu pamoja na nafasi za vitu vyote ambavyo neno hilo linavidai. Miti hiyo huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujaza, ambapo mti mmoja hukaa katika nafasi iliyoachwa wazi chini ya mwingine. Ya pili ni kupachika: mti hupasuliwa katikati, mti mwingine hutiwa katika mpasuko huo, na sehemu ya chini hushuka bila kupoteza uhusiano wake na ya juu. Fundi seremala anayerefusha nguzo kwa kuunga kipande katikati badala ya kuongeza nchani angeielewa kazi hii bila ya mhadhara.

Faida yake kwa Kiswahili ni kwamba uhusiano unaotakiwa hukaa mahali pamoja. Umbo *alichokisoma* linapewa mti wake mdogo, nao una nafasi ya kiima baada ya kitenzi. Umbo *ambacho* linapewa mti ambao ndani yake kishazi kizima kinajazwa, kiima chake kikiwa kimekwisha kutangulia. Ngeli ya *kitabu*, kirejeshi *-cho-* na kiambishi *-ki-* vyote vinaonekana katika mti mmoja, hivyo upatanisho wao unaelezwa mara moja. Haidhuru kama kati ya kitabu na kitenzi pamepachikwa maneno mengine. Zaidi ya hayo, sarufi hizi zina nguvu kidogo tu kuliko zisizotegemea muktadha, na nyongeza hiyo inahitajika. Mwaka 1985 Stuart Shieber alithibitisha kwamba Kijerumani cha Uswisi kina sentensi ambazo sarufi isiyotegemea muktadha haiwezi kuzieleza. Katika mwaka huohuo Christopher Culy alionyesha jambo lilelile kwa Kibambara cha Afrika Magharibi, na yeye alilionyesha katika uundaji wa maneno, si katika mpangilio wa sentensi. Wanaodhani kwamba ugumu wa lugha umo katika sentensi na neno ni jani tu, Kibambara kimewajibu.

Lakini sarufi ya miti midogo haitufanyii uamuzi. Inaturuhusu tu kuuandika. Swali kama *-ki-* katika *nimekiona kitabu* ni kiwakilishi au ni upatanisho lilibaki palepale. Joan Bresnan na Sam Mchombo, huyu wa pili akiwa msomi kutoka Malawi, walilijadili kwa Kichewa mwaka 1987. Walihitimisha kwamba kiambishi cha yambwa katika Kichewa ni kiwakilishi, na nomino inayoandamana nacho ipo nje ya kirai kitenzi, ikiwa mada ya mazungumzo. Hitimisho hilo lilipata sifa duniani kote, na kwa haki. Wako waliotaka kulieneza kwa Kibantu chote. Kiswahili hakikubali kuburutwa hivyo. Mtu akiuliza mjini *Umemwona nani?* anasema Kiswahili fasaha kabisa, na *nani* haiwezi kuwa mada, kwa kuwa ndiyo isiyojulikana. Kwa viumbe wenye utu, basi, kiambishi kinafanya kazi ya upatanisho, ilhali *nimeona kitabu* na *nimekiona kitabu* zote zinakubalika na zinatofautiana kwa jambo ambalo Mchombo na Bresnan wangelitambua mara moja. Lugha moja, viambishi vya safu moja, miti miwili.

Wa mwisho katika mfululizo huu ni Camillia Barrett-Keach, ambaye katika makala ya mwaka 1986 alilipasua jani lenyewe. Kwa mujibu wake, neno kama *aliyekuja* lina sehemu mbili: *aliye-*, yenye kiima, wakati na kirejeshi, na *-kuja*, yenye kitenzi. Kirejeshi hukaa mwisho wa sehemu ya kwanza. Katika *ajaye*, ambamo hamna alama ya wakati, huhamia mwisho wa neno. Neno lililoandikwa kwa mfululizo mmoja tangu siku za Steere likawa tena na matawi ndani yake, na Kitswana na Kiswahili vikakaribiana katika mchoro kama vinavyokaribiana katika usemi.

Mashine isiyochora

Ajabu ni kwamba kompyuta ya kwanza iliyoweza kusoma Kiswahili kwa upana haikuchora mti wowote. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kazi iliyokuja kujulikana kama SALAMA. Msingi wake ulikuwa mofolojia ya viwango viwili iliyobuniwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983, ambayo hulipitia neno herufi kwa herufi na kutoa kila tafsiri yake inayowezekana. Baada ya hapo hufuata sarufi ya vizuizi ya Fred Karlsson, iliyotangazwa mwaka 1990. Kazi yake ni kufuta tafsiri zisizofaa kwa kutazama majirani. Neno *kaa* likisimama peke yake linaweza kuwa mnyama wa baharini, kipande cha kuni kilichoungua, au amri ya kuketi. Likifuatwa na *wengi*, vizuizi huondoa tafsiri mbili na mnyama akabaki. Hakuna KN, hakuna KT, kuna maneno yenye vibandiko.

Wanasintaksia wengine walilitazama hilo kama upungufu. Huenda walikosea. Mashine ya Helsinki iliweka nguvu zake ndani ya neno kwa sababu ndani ya neno ndimo Kiswahili kilimoweka sarufi yake, na Ashton angekubali. Miti ilirudi baadaye kwa njia nyingine: mwaka 2012 Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi alieleza ujenzi wa sarufi ya Kiswahili katika mfumo wa Aarne Ranta, ambao hutenganisha mti dhahania wa maana na umbo linalotamkwa. Mti dhahania haujui ngeli wala viambishi. Kila lugha huuvalisha maneno yake yenyewe.

Kusini mwa kisiwa

Yote yaliyosemwa hadi hapa yametegemea Kiunguja cha mjini, au Kiswahili sanifu kilichozaliwa nacho. Ukisafiri kutoka Mji Mkongwe hadi Makunduchi, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari, unakuta Kikae, ambacho wageni wengi hukisikia mara moja kwa mwaka wakati wa Mwaka Kogwa na kukidhania kuwa ni lafudhi tu. Si lafudhi. Haji Chum alikusanya msamiati wake, uliochapishwa mwaka 1994; Odile Racine-Issa alitoa maelezo ya sarufi yake mwaka 2002; na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi ya Kimakunduchi mwaka 2012.

Kwa anayechora miti, jambo moja katika lahaja hiyo linatosha kumkosesha usingizi. Pale mtu wa mjini asemapo *amefika*, wa Makunduchi husema *kafiki*. Kiima cha nafsi ya tatu ni *ka-*. Kiambishi *-me-* hakipo, na hakuna kingine kilichokaa mahali pake. Utimilifu wa tendo unabebwa na irabu ya mwisho, ambayo huiga irabu ya mzizi. Tawi la wakati, ambalo Barrett-Keach alilipata mbele ya kitenzi kwa ushahidi wa Kiswahili sanifu, halina jani la kuning'inia mbele. Mchanganuzi anayelazimisha mti wa mjini ataandika sifuri mbele na kuieleza irabu ya nyuma kama sadfa ya kifonolojia. Anayekataa kulazimisha atahitaji mti mdogo wa aina tofauti kwa kitenzi timilifu, ambamo wakati na mzizi vimo katika kifundo kimoja.

Uchaguzi huu una uzito hata nje ya vitabu. Sentensi zinazowekewa kinyota cha kutokubalika katika maandishi ya kimataifa kuhusu Kiswahili zimehukumiwa, kwa sehemu kubwa, kwa sikio la mjini au la shule. Mtoto wa Makunduchi anayefika kidato cha tatu huchora mti wa lugha ambayo bibi yake haisemi nyumbani, na akiandika sentensi ya nyumbani husahihishwa kwa wino mwekundu kana kwamba hana sarufi. Anayo, nayo ni ya zamani kuliko uamuzi wa mwaka 1928. Katika mfumo wa miti dhahania, *amefika* na *kafiki* ni mti mmoja wenye mavazi mawili, na mashine haijali ni lipi lililoitwa sanifu. Vazi la mjini limekwisha kushonwa. La pili lina vipimo vyake tayari, katika kazi ya Chum, ya Racine-Issa na katika kamusi ya Baraza, na wenye kuvisoma vipimo hivyo kwa sikio la uzawa wanapanda daladala kila asubuhi kuja mjini kusoma.